Alama Niliyoifuta Kwenye Ramani ya Tembo

Jumapili, saa tisa alasiri. Upepo wa Dodoma umeanza tangu jana na vumbi limeingia mpaka kwenye sahani nilizozifunika kwa kitambaa. Nimefagia mara mbili, nimeacha. Nimekaa kitandani, kompyuta iko mapajani, na sina hamu ya kuongea na mtu yeyote, hata dada yangu wa Iringa ambaye ameshanitumia ujumbe mara tatu akiuliza kama niko hai.

Niko hai.

Wiki mbili sijaandika hapa. Mnaosoma ukurasa huu mmezoea habari za mwenye nyumba wangu na majaribio yangu ya kupika mlenda. Leo sina cha kuchekesha. Naandika kwa sababu nisipoandika nitaanza kujisimulia haya mambo kwa namna inayonipendelea, na nikisema ukweli, nimeshaanza.

Kwa asiyejua, kazi yangu ni kuchora ramani. Kwa mwaka mmoja na zaidi nimekuwa kwenye mradi mdogo wa kutafuta sehemu za reli ambako treni inaweza kugonga tembo, kuanzia Zuzu kwenda magharibi, kupita Bahi na kuendelea. Ramani ina rangi tatu. Nyekundu, dereva anapunguza mwendo. Njano, anakaa macho. Kijani, anapita kama kawaida.

Ili kujua wapi pawe rangi gani tunakusanya vitu vingi: maji yalipo, mashamba yalipo, nyayo, mavi ya tembo, safari za tembo wachache waliovishwa kola zenye redio. Na tunawauliza watu wanaoishi kando ya reli. Kwa maelezo ya watu tulijiwekea kanuni. Sehemu inaingia kwenye ramani ikiwa imetajwa na watu wawili wasioambiana, au na mtu mmoja lakini pana ushahidi mwingine, kama nyayo. Kanuni hiyo niliileta mimi. Kwenye kikao walinisifu kwamba inazuia uvumi.

Mama Nyemo nilikutana naye mwaka jana wakati wa kuvuna mpunga. Majaruba yake yako magharibi kidogo ya Bahi, chini ya tuta la reli, pale ambapo tuta ni refu ili maji ya mbuga yasifunike njia. Nilimkuta anapepeta. Nilimwamkia kwa Kigogo changu cha kuokoteza, "Mbukwenyi," akacheka mpaka akaweka ungo chini.

"Nani kakufundisha kusema hivyo? Umesema kama mgonjwa."

Nikampenda papo hapo. Ni mama wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, sauti kubwa. Nyemo ni binti yake wa kwanza, ameolewa Manyoni. Mumewe alifariki zamani. Ana ng'ombe wasiofika kumi na majaruba mawili, na msimu ule tembo walikuwa wamelala na kugaagaa kwenye jaruba moja kama vile ni godoro lao. Nilitegemea awatukane. Aliwatukana kweli, kwa muda mrefu, halafu akanishika mkono akanipeleka mpaka chini ya tuta.

"Wanapanda hapa," akasema. "Asubuhi, wakitoka kula mpunga wangu, wanarudi kule vilimani. Wakubwa wanapanda vizuri tu. Watoto ndio hawawezi. Hizi kokoto zinakimbia chini ya miguu yao, wanateleza, wanarudi chini. Basi mama zao wanasimama kule juu kwenye reli wanawasubiri. Wanachelewa sana hapa."

Nilitafuta nyayo. Ng'ombe walikuwa wamepita pale kwenda kunywa maji, ardhi yote ilikuwa kwato za ng'ombe. Nilipima mahali kwa kifaa, nikaandika kwenye daftari. Ninalo hapa pembeni yangu sasa hivi. Nimeandika: *Tembo wanavuka hapa. Shahidi mmoja. Hakuna nyayo.*

Wanavuka. Hivyo tu.

Yeye aliniambia wanachelewa. Aliniambia watoto hawapandi. Mimi nikaandika wanavuka, kwa sababu kwenye fomu yangu kulikuwa na nafasi ya kuandika kama wanavuka au hawavuki, na kwa sababu gari la ofisi lilikuwa limeshapiga honi mara mbili. Lilitakiwa lirudi mjini kabla ya saa kumi.

"Umeiandika?" akaniuliza wakati naaga.

"Nimeandika, mama."

"Haya. Nenda salama, mwanangu. Usiisahau."

Baada ya wiki kama tatu nilikuwa ofisini nasafisha data. Nikafika kwenye alama yake. Shahidi mmoja, hakuna nyayo, hakuna tembo wa kola aliyewahi kupita karibu. Nikaifuta. Nakumbuka nilikuwa nakula karanga. Kompyuta ikachora upya, kile kipande cha reli kikawa kijani, na mimi nikaendelea na alama iliyofuata.

Sikuhisi chochote.

Jumanne ya wiki mbili zilizopita, saa mbili asubuhi, nilikuwa napiga pasi shati niende kazini. Simu ikaanza kulia mfululizo. Ni lile kundi letu la ujumbe la mradi. Picha ya kwanza ilikuwa imepigwa kutoka mbali: treni ya mizigo imesimama, watu wengi kandokando. Picha ya pili sikuielewa mara moja. Nilidhani ni mwamba umeporomokea reli. Halafu nikaona sikio.

Picha ya tatu ilionyesha tuta, na chini yake majaruba. Pembeni ya moja kulikuwa na kibanda cha kufukuzia ndege chenye kipande cha turubai la bluu. Nilikuwa nimewahi kukaa kwenye kibanda hicho kukwepa jua.

Nilikaa chini, pasi iko juu ya shati. Ninalo shati hilo bado, lina alama ya pasi mgongoni.

Nilipanda basi la kwenda Bahi, halafu bodaboda. Kijana wa bodaboda alikuwa akinisimulia njia nzima habari za tembo mkubwa kuliko lori, na mimi nilikuwa nasema ehee, ehee. Nilipofika ilikuwa karibu saa tano na jua limekuwa kali.

Alikuwa tembo jike. Walikuwa wameshamsogeza kutoka kwenye reli kwa kamba na trekta, amelala ubavu chini ya tuta, upande wa mbuga. Sitaelezea alivyokuwa. Nitasema tu kwamba matiti yake yalikuwa yamejaa, na maziwa yalikuwa yanachuruzika yenyewe kwenye vumbi, na mainzi yalikuwa yameshafika.

Askari wa wanyamapori walikuwa wanawazuia watu wasisogee. Na pale katikati, kati ya askari na mzoga, alikuwepo mtoto wake.

Hakuwa mkubwa. Mgongo wake ulinifika kiunoni. Alikuwa anamsukuma mama yake kwa paji la uso. Anasukuma, anapumzika, anazunguka upande wa pili, anasukuma tena. Askari mmoja, mtu mzima mwenye mvi, aligeuka akaangalia upande mwingine, akajifanya anafunga kamba za viatu.

Dereva wa treni alikuwa amekaa kwenye kokoto, peke yake, helmeti iko kati ya miguu. Wenzake walikuwa wanakagua kichwa cha treni. Sijui kwa nini nilimfuata. Nilimwambia mimi ni mtu wa mradi wa tembo, akaniangalia kama vile nimechelewa tangu siku nyingi, si leo tu.

"Dada, mimi nilipiga honi," akasema, kabla sijamuuliza chochote. "Nilipiga tangu mbali. Nimevuta breki, lakini treni ya mizigo haisimami kama baiskeli. Wenzake wote waliondoka. Yule akabaki amesimama katikati ya njia, anaangalia chini. Nikasema moyoni, huyu mbona haondoki? Mbona haondoki? Nilikuja kumwona mtoto tumeshampita."

"Mtoto alikuwa wapi?"

"Hapo," akaonyesha ubavu wa tuta. "Nusu ya kupanda. Alikuwa anateleza."

Nilimuuliza kama kwenye karatasi yake ya safari kile kipande kilikuwa na tahadhari yoyote. Nilijua jibu. Sijui kwa nini niliuliza. Labda nilitaka anipige kofi.

"Hapana," akasema. "Pale Bahi pana sehemu moja wameandika tupunguze, nikapunguza. Nikaambiwa mbele pako salama, nikaongeza."

Halafu yule mwanaume, mkubwa kuliko mimi, baba wa watu, akafunika uso kwa viganja akalia. Mimi nikasimama mbele yake na kitambulisho changu shingoni. Ningeweza kumwambia, kaka, si wewe. Nilikuwa mtu pekee pale aliyejua hivyo kwa hakika.

Sikumwambia.

Hilo ni la kwanza ninaloungama hapa.

Mama Nyemo nilimwona kwa mbali kwenye kundi la watu. Nilijificha. Hilo la pili. Nilizunguka nyuma ya trekta, nikapanda bodaboda, nikarudi mjini, nikaandika ripoti fupi yenye mahali, saa, jinsia ya mnyama. Nilitumia sentensi kama "tukio limetokea kwenye kipande kilichokadiriwa kuwa na hatari ndogo." Kilichokadiriwa. Kama vile kilijikadiria chenyewe.

Jumatano askari walijaribu kumswaga yule mtoto kuelekea vilimani walikokwenda wenzake. Alikuwa akienda hatua chache, halafu anarudi. Baadaye wakafanikiwa kumvusha reli kwa kumbeba na turubai, wakamwacha karibu na nyayo za familia yake, wakakaa mbali kuangalia kama wenzake watamrudia. Mpaka askari wanaondoka, hawakuwa wamerudi. Mkubwa wa askari aliniambia kwa simu kwamba huenda waliogopa harufu ya watu.

Alhamisi, saa nne asubuhi, simu yangu ikaita. Namba nilikuwa nimeihifadhi: Mama Nyemo Bahi.

Niliiangalia ikaita mpaka ikakatika. Ikaita tena.

"Salome," akasema. Hakusalimia, na mimi nikasahau kuamkia. "Njoo. Mtoto yuko kwangu."

"Mtoto gani, mama?"

"Wa yule aliyekufa. Kaja na ng'ombe."

Ndivyo ilivyokuwa. Ng'ombe wake walikuwa wanachunga upande wa pili wa reli, na jioni ya Jumatano walipogeuka kurudi nyumbani, yule mtoto wa tembo akajiunga nyuma yao. Akapita nao kwenye kalvati, lile daraja dogo chini ya tuta, akaingia nao zizini. Mama Nyemo alihesabu ng'ombe wake kama kawaida, akakuta mmoja amezidi.

Safari hii nilikwenda na gari la ofisi, na niliwapigia askari, na askari wakampigia daktari wa mifugo aliyekuwa Mpwapwa. Nilipofika zizini nilimkuta Mama Nyemo amevaa kanga moja tu; nyingine ameitandika mgongoni mwa mtoto wa tembo, akaifunga kwa chini kama anavyofungwa mtoto mchanga. Mtoto amesimama ameegemea ng'ombe mmoja mweupe, mzee, ambaye alikuwa anacheua bila wasiwasi.

"Anatetemeka," akaniambia. "Nimempa maziwa, anameza kidogo, anayatoa. Nimempa maji, anachezea tu. Huu mkonga wake hajui hata kuutumia."

Nikamwambia nimewaita wataalamu.

"Vizuri."

Hakuniuliza kitu kingine siku hiyo. Alikuwa na kazi. Alichemsha maji, akayapooza, akaweka chumvi kidogo na sukari, akawa anamnywesha kwa chupa ya soda akiwa amemshika taya kwa mkono wa kushoto, huku anamwambia maneno ya Kigogo ambayo sikuyajua na sikuhitaji kutafsiriwa. Huyu ndiye mama ambaye mwaka jana alinionyesha jaruba lililosagwa na akaapa kwamba akipata bunduki atawamaliza wote. Nilimkumbusha.

"Nilisema," akajibu. "Na mpunga wangu mwaka huu wamekula tena. Mama yake huyu huyu, huenda. Sasa nifanyeje? Kaja nyumbani kwangu."

Daktari alifika alasiri. Ni mtu wa maneno machache. Alimpima, akamchoma sindano, akatuambia mtoto bado ananyonya kabisa, maziwa ya ng'ombe hayamfai tumbo lake, ameishiwa maji na amepata mshtuko. Iko sehemu wanakotunza watoto yatima wa tembo, na maziwa yao maalumu, lakini ni mbali. Gari lilikuwa linaandaliwa. Lingefika Ijumaa mchana.

Ijumaa nilirudi mapema. Asubuhi ilikuwa na baridi, mbuga yote ina ukungu mwepesi, na ng'ombe walikuwa bado hawajatolewa. Mama Nyemo alikuwa amekaa chini zizini, miguu ameinyoosha kwenye samadi, na kichwa cha yule mtoto kiko mapajani pake. Alikuwa bado anapumua. Mkonga ulikuwa umelala juu ya mkono wa Mama Nyemo, ncha yake inafunguka na kufunga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa."

Nikakaa. Halafu akaniuliza, bila ukali wowote, kama mtu anayeulizia sufuria aliyoiazimisha:

"Salome, ile alama yangu uliiweka wapi?"

Nilikuwa na majibu. Tangu Jumanne nilikuwa nayaandaa. Ningeweza kumwambia ramani ni kazi ngumu, ina mambo mengi, ilikuwa bado rasimu. Ningeweza kusema tu kwamba niliipeleka ofisini, na isingekuwa uongo.

"Niliifuta, mama."

Hakuniangalia. Aliendelea kumpapasa mtoto juu ya jicho.

"Kwa nini?"

"Kanuni yetu ilitaka mashahidi wawili. Wewe ulikuwa peke yako."

Hapo ndipo alipogeuka.

"Peke yangu?" akasema. "Peke yangu vipi? Yule jirani mwenye mabati mekundu anawaona. Mke wake anawaona. Wale wa kisimani wanawaona. Wote sisi tunawaona. Ungeuliza mlango wa pili tu."

Mlango wa pili ulikuwa hatua kama mia mbili kutoka pale. Nyumba ya mabati mekundu nilikuwa naiona kutokea zizini. Mwaka jana niliiona pia. Sikwenda kwa sababu gari lilikuwa linapiga honi.

Nilimwambia hivyo. Nilimwambia yote: honi ya gari, fomu, neno nililoandika na maneno niliyoyaacha. Nilimwambia karanga. Sijui kwa nini nilimwambia habari za karanga. Nilikuwa nalia vibaya, kamasi na kila kitu, na yeye alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Nilifikiri atanifukuza. Kuna sehemu ya moyo wangu ilikuwa inamwomba anifukuze.

"Basi," akasema nilipomaliza. "Futa uso. Nishikie huku, mguu umekufa ganzi."

Nikashika kichwa cha mtoto. Kilikuwa kizito na cha moto, na kina nywele ngumu nyekundunyekundu ambazo sikuwahi kujua kwamba watoto wa tembo wanazo. Mwaka mzima nimefanya kazi ya tembo na sikujua wana nywele.

Alikufa kabla ya saa nne. Hakuhangaika. Alivuta pumzi, tukasubiri nyingine, haikuja. Mama Nyemo alisubiri kidogo zaidi yangu. Halafu akaitoa ile kanga mgongoni mwa mtoto, akaikung'uta, akaikunja, akaiweka begani.

"Alikuwa jike," akasema.

Gari lilifika saa saba mchana. Vijana waliokuja nalo walikuwa na chupa kubwa za maziwa zimepangwa kwenye kreti, na blanketi nene la kijivu. Walishuka wakiwa na haraka, mmoja ameshavaa glovu. Ilibidi mimi niwaambie. Walisimama pale na kreti lao mikononi na hawakujua waliweke wapi.

Hayo ndiyo yaliyotokea. Kilichofuata ni habari ya ofisi, na nitaiandika kwa ufupi.

Jumatatu nilikwenda kwa mkuu wetu, ambaye sote tunamwita Dokta, nikamwonyesha daftari na alama iliyofutwa. Ni mtu mwema. Alinivutia kiti. Akasoma, akavua miwani.

"Salome, ramani zote hurekebishwa," akasema. "Ulifuata kanuni tuliyokubaliana wote. Rekebisha hicho kipande, tutoe toleo la pili, tusonge mbele. Huna haja ya kujisulubu."

Nilimwambia nataka kuweka ukurasa mmoja unaosema alama ilikuwepo, nani alinionyesha, alisema nini, na kwamba niliifuta.

Akaniuliza kama najua ukurasa huo utasomwa na nani. Nikasema najua.

"Unaweza kukugharimu kazi."

"Ndiyo, Dokta."

Alirudisha miwani. Akasema atautia saini na yeye, maana kanuni aliipitisha yeye. Sikutegemea hilo. Nilitoka nje nikasimama kwenye korido nikijifanya nasoma matangazo ya ubaoni.

Kikao na watu wa reli kilikuwa Alhamisi iliyopita. Niliusoma ule ukurasa kwa sauti. Nilisoma maneno ya Mama Nyemo kama alivyoyasema, kokoto zinakimbia chini ya miguu yao. Hakuna aliyenifokea. Mhandisi mmoja, mama mtu mzima, aliuliza maswali ya maana: mtoto ana urefu gani, mwinuko kiasi gani unamshinda. Wamekubali treni zipunguze mwendo pale kuanzia sasa, na tuta lichongwe mteremko wa pole pande zote mbili kabla ya mvua. Wamekubali pia tuangalie upya matuta yote marefu, kwa sababu mpaka siku hiyo ramani yangu ilikuwa inauliza tembo wanavuka wapi, na haikuwahi kuuliza wanakwama wapi.

Watu walinipongeza. Mmoja aliniambia nimeonyesha ujasiri.

Ningependa niseme lilinifariji. Nilirudi hapa chumbani nikalala na viatu.

Jana nilimtafuta yule dereva. Namba yake nilipewa na mtu wa kikao. Nilimwambia nilichotakiwa kumwambia siku ile kwenye kokoto: kwamba kipande kile kilikuwa kijani kwa sababu yangu. Akasema, "Asante kwa kuniambia, dada," na akasema bado hajarudi kazini, anamwona yule tembo kila akifumba macho, anaangalia chini, haondoki. Akaniuliza kama mtoto alipona.

Hakuwa amesikia. Hakuna aliyemwambia.

Nilimwambia ukweli. Akakata simu, na simlaumu.

Leo baada ya kutoka kanisani nilifungua jalada ambalo nilikuwa sijalifungua tangu mwaka jana. Ni la alama nilizozifuta zote. Zile za shahidi mmoja. Nilidhani zitakuwa chache. Kila moja ina jina la mtu, namba ya simu kama anayo, na mstari mmoja wa kwangu: wanavuka hapa, wanavuka hapa, wanavuka hapa. Sijui walisema nini kingine. Nimejaribu kukumbuka nyuso. Mzee mmoja karibu na Zuzu, anafuga mbuzi, alinionyesha kitu kwa fimbo yake, nakumbuka ile fimbo. Alichokuwa anaonyesha sikikumbuki.

Nimempigia. Ameniambia, "Ah, wewe wa tembo. Nilijua utarudi." Nikamwambia nakuja kesho, na nakuja kukaa, si kupita.

Dokta ameniruhusu mwezi mzima, na gari, na nimemwomba dereva wa ofisi asipige honi hata kama jua linazama. Nitakwenda kwa kila mmoja, na mlango wa pili, na wa tatu.

Nimeshafunga begi. Liko mlangoni na mimi bado niko hapa kitandani, nalitazama. Naogopa watakayoniambia huko kesho. Naogopa zaidi yale waliyokwisha kuniambia.